Pikapu Uliyoigawa Mkutanoni

Hamisi,

Usitafute salamu hapa juu. Nimeziacha makusudi na sababu unaijua. Mwalimu wetu wa jioni alitufundisha kwamba barua nzuri huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua, nakusikia chumba cha pili ukifunga mizigo na kupiga mluzi. Mluzi! Mtu anamwacha mama yake kesho asubuhi na anapiga mluzi.

Ni wewe uliyenisukuma kwenda darasa la watu wazima. Nilikwambia herufi za chuoni, zile za Kiarabu nilizofundishwa utotoni, zinanitosha kusomea Kurani yangu. Ukasema, mama, nchi imejitawala, haifai mtu mzima asomewe barua zake na majirani. Haya, nimejifunza. Mwandiko unapanda na kushuka, lakini unasomeka. Sasa soma.

Naandika kwa sababu hatusemeshani, na kwa sababu mjumbe wetu hafai. Shangazi yako Mwamvita ni dada wa baba yako na nampenda, ila neno langu likipita kinywani mwake linatoka limetiwa sukari. Haya ya leo sitaki yatiwe sukari.

Sitakwambia ule nini wala ulale saa ngapi. Mtu anayeweza kusimama mbele ya mkutano akagawa pikapu ya marehemu baba yake hashindwi kujifulia shati.

Unajua nilivyozipata hizo habari? Nilikuwa sokoni, nimeinama kwenye beseni la dagaa, muuzaji akaniambia, "Hongera mama Hamisi, tunasikia mmekitolea kijiji gari." Nilimjibu ahsante. Ningemjibu nini? Ningesema mbele ya watu kwamba mwanangu ametoa mali ya nyumba bila kunong'ona neno na mama yake? Nikalipa dagaa nikaondoka, na nyumbani nikakuta nimeacha kapu la nyanya kule kule. Hasira ilikuwa imenipanda mpaka macho hayaoni.

Jioni ukaingia, vumbi la kijiji chenu kipya cha Sikonge limekujaa hadi kwenye kope. Ukasimama mlangoni ukasema, "Shikamoo mama."

Mimi nilikuwa nachagua mchele. Nikaendelea kuchagua.

Ukarudia, "Shikamoo mama." Nikanyanyua ungo nikaanza kupepeta. Shangazi yako akanitazama mimi, akakutazama wewe, akashika shavu. Ukaenda kuoga. Tangu siku ile hujaniamkia tena, na mimi sijakuita kwa jina. Tumekuwa watu wawili wanaopishana uani na kula sahani mbalimbali.

Sijaja hapa kuomba samahani. Nakukumbusha tu mambo yalivyokwenda, maana najua ukifika huko porini utayasimulia yakupendeze.

Na uwaambie pia hiyo pikapu ni nini. Huko mkutanoni ulisema ni "gari lililokaa bila kazi." Shangazi yako alinieleza maneno yenyewe, na kwa mara ya kwanza maishani hakuyapamba. Lililokaa bila kazi! Baba yako alilinunua likiwa limeshachoka, akalifungua lote hapa uani akalifunga tena, na kwa gari hilo alileta asali na nta kutoka Sikonge hadi mjini mpaka nguo zetu zote zikanukia moshi wa nyuki. Wewe ulilala juu ya magunia yake ukiwa hujaota meno. Alipofariki nikaliweka juu ya magogo pembeni ya jiko, na kila Ijumaa nikalifuta vumbi. Hiyo ndiyo kazi lililokuwa nayo. Lilikuwa linakaa na mimi.

Basi ukaanza kulitengeneza, na mimi nikakaa jikoni nikikuombea ushindwe. Ndiyo, niliomba hivyo. Ulishusha magogo, ukatia oili, ukawasha, na kabla chai yangu haijachemka oili ikawa inatiririka mbele ya injini na nyuma. Nilifurahi nikaongeza sukari kwenye chai.

Lakini wewe una kichwa cha baba yako. Siku ya pili nikakukuta umeshatoa rejeta, umelala chini kifua kimejaa uchafu, unagonga puli, lile gurudumu la mkanda mbele ya injini, kwa nyundo. Hapo nikashindwa kukaa kimya. Nililichukia jambo lako lote, lakini puli ya krenki kugongwa kwa nyundo sikuweza kuivumilia. Puli ikipinda, mhimili wote wa krenki unaanza kucheza, na kitakachofuata si uvujaji tena, ni kifo cha injini.

"Wifi," nikamwambia shangazi yako, aliyekuwa kwenye mkeka wake akimenya mihogo, "mwambie huyo fundi mkuu wa kijiji cha ujamaa kwamba puli haitolewi kwa nyundo. Mwambie kama anataka kuua injini achukue shoka, atamaliza mapema."

"Hamisi," shangazi yako akakwambia, "mama yako anasema kazi yako nzuri, ila nyundo iweke kando."

"Sikusema hivyo!"

"Hakusema hivyo," akakwambia.

Ukajibu ukiwa chini ya gari, "Shangazi, mwambie mama kwamba kifaa cha kuvutia puli hakipo. Mwambie mjini kote sijakipata."

"Mwambie kipo kwenye debe la baba yake, chini ya minyororo, mahali ambapo angekikuta kama angeuliza."

"Hamisi, mama yako anasema anakupenda."

Nilimrushia ganda la muhogo. Na wewe ulicheka chini ya gari, nilikusikia, ukajifanya umekohoa.

Ndivyo tulivyofanya kazi ile, watu wawili wamenuniana na mmoja katikati anamenya mihogo. Ukatoa sili zote mbili, ya mbele na ya nyuma, zile pete za mpira zinazozuia oili pale mhimili unapotokeza nje ya injini. Zilikuwa zimekauka zikawa ngumu, ukizikunja zinakatika. Ukaenda maduka yote ya vipuri. Kila duka lilikuwa na rafu ndefu na mwenye duka, basi, vitu havikuwapo. Mmoja akakwambia usubiri kibali, mwingine akakwambia usubiri meli. Ukarudi uso umeshuka, na mimi nikajua umefika pale baba yako alipokuwa akifika kila mara, pa kukata sili ya ngozi.

Kilichoniudhi ni kwamba hukuniuliza. Mimi nilimshikia baba yako taa miaka yote. Niliona alivyokwenda kwa fundi viatu kuchagua ngozi ya mgongo wa ng'ombe, maana ya tumbo inavutika. Niliona alivyoikata, alivyoibana katikati ya bati mbili. Na nilijua aliiloweka kwenye nini. Wewe ukawauliza rafiki zako warina asali wa huko kijijini, nao, kwa kuwa kila kitu chao wanakipaka nta, mizinga nta, kamba nta, viatu nta, wakakwambia ngozi uichemshe kwenye nta. Ukachukua sufuria yangu ya maandazi ukachemshia nta. Ile sufuria mpaka leo maandazi yake yananukia mzinga.

Ukaipachika ile sili inang'aa, nzuri kweli. Injini ikawaka, ikapata moto, nta ikayeyuka. Ilitoka yote, ikafuatwa na oili. Ulikaa chini ukatazama lile dimbwi, na mimi nikasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima wa Isevya, "Wifi, mwambie injini si mzinga."

Shangazi yako hakukupelekea neno hilo. Aliniambia, "Hilo sipeleki, wifi. Limezidi."

Nikajitia shujaa. Nikafunga khanga kiunoni, nikakata sili mpya mbili kwa mkono wangu, nikaziloweka kwenye mafuta ya ng'ombe usiku kucha kama alivyofanya baba yako, kesho yake nikaingia mwenyewe chini ya gari. Ulinipa spana bila kuombwa, kila moja ya saizi yake. Nikaifunga ya mbele, nikakusimamia ukafunga ya nyuma. Nikakaza bolti za sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, mpaka mkono ukauma. Baba yako alikuwa akinigombeza kwa hilo, akisema bolti ikishashika inatosha, ukizidisha unaikamua gasketi mpaka itoke pembeni. Kwangu mimi haitoshi kamwe. Ndivyo nilivyo. Ninavyovipenda huvikaza mpaka vinapiga kelele, na baba yako alinivumilia kwa hilo kuliko unavyojua.

Ukawasha. Nikasimama mikono kiunoni nikingoja kukuonyesha.

Ikavuja.

Mbele na nyuma, na sasa hata pembeni ya sampo nilipokamua gasketi. Shangazi yako akaacha kumenya. Nilitamani kuipiga teke ile pikapu, na nilipoingia jikoni nililia, kama unataka kujua. Nililia kwa hasira, usijipe sifa. Kazi ya baba yako niliyoijua kwa macho yangu ilikuwa imenikataa mbele yako.

Ungeweza kunicheka. Nilikuwa nimekutayarishia jibu. Lakini nilipotoka ulikuwa umesimama umeegemea madigadi ya gari, hujashika chochote, unatazama. Nyigu mmoja mweusi mwenye kiuno chembamba, wale wanaojenga udongo kwenye kuta, alikuwa anazunguka juu ya injini akitafuta pa kuingia. Ukamfuata kwa macho. Alikuwa anataka kurudi kwenye ule mrija unaotoka ubavuni mwa injini, ule wa kutolea pumzi. Ukauchomoa mrija, ukaugonga kwenye jiwe. Ukatoka udongo mkavu, tonge baada ya tonge, nyumba nzima ya nyigu na watoto wao.

Hukumwambia shangazi yako aniambie. Ukausafisha mrija kwa waya, ukaurudisha. Ukazibadilisha sili mara ya mwisho, kwa ngozi niliyoikata mimi na mafuta niliyoilowekea mimi. Ukafungua bolti zangu za sampo, ukaweka gasketi nyingine, ukazikaza wewe, zikashika, ukaacha hapo. Injini ikanguruma mpaka adhuhuri. Ukalala chini ukapitisha kidole mbele na nyuma, ukamwonyesha shangazi kile kidole. Kilikuwa kikavu.

Miaka yote ile gari liko juu ya magogo, mimi nalifuta vumbi nje, kumbe ndani limezibwa. Injini ikikosa pa kutolea pumzi, inasukuma oili itokee popote penye upenyo, na hata ungeweka sili ya chuma ingetema. Tulikuwa tunaadhibu sili ambazo hazikuwa na kosa.

Najua unachokifikiria sasa hivi unaposoma. Unafikiria mimi ndiye nyigu. Usithubutu kulisema hilo, si kwangu, si kwa shangazi yako, si kwa hao wenzako wa mkutanoni. Nimelifikiria kabla yako na limeninyima usingizi wa kutosha.

Sasa nikwambie kinachoniuma, maana si pikapu. Shangazi yako alinisimulia habari ya yule mama mjamzito wa kijijini kwenu aliyefungwa juu ya baiskeli kwa khanga, akasukumwa kwenye njia ya mchanga kuelekea zahanati, na jinsi ulivyoshika nyuma ya ile baiskeli wewe mwenyewe, na kwamba mtoto hakupona. Alinisimulia siku ya pili ya ugomvi wetu. Kwa hiyo nilijua. Muda wote niliokuwa nakurushia maneno chini ya gari nilikuwa najua kwa nini ulisimama kwenye mkutano ule. Nilijua una haki, na ndiyo maana nilikasirika zaidi. Mtu mwenye kosa ningemweza.

Lakini mbona hukunisimulia mimi? Mimi niliyekuzaa katika chumba hiki, mvua inanyesha, baba yako amekwama na gari kwenye tope la Sikonge, ulidhani nisingeelewa? Uliwaambia watu wa mkutano kwanza. Ukawapa machozi yako na gari langu siku moja, na mimi ukaniletea shikamoo na vumbi. Hapo umenikosea, Hamisi, na sitakuondolea kosa hilo kwa kuwa unasafiri.

Na mimi nani atanibeba? Hilo ndilo swali, nimeliandika. Baba yako hayupo, pikapu inaondoka, wewe unaondoka ndani yake. Nitabaki na wifi anayeyatia maneno sukari na alama nne za magogo ardhini pembeni ya jiko. Unakwenda kuwabeba watu wote isipokuwa mimi. Naona wivu. Nina wivu na wanawake nisiowajua. Aibu iko wapi kusema? Sioni aibu.

Babu wa baba yako alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi pwani na kurudi, miezi na miezi, na mkewe hakuwahi kumsindikiza kwa machozi. Asubuhi ya safari alisimama njiani akamtukana: mvivu wewe, miguu kama kuku, mzigo wa mwenzio ni mkubwa kuliko wako, kuna siku ulibeba hata maji? Msafara mzima ulicheka. Machozi, alisema, ni ya msiba, na mtu akiyaona anapoondoka anaweza kudhani ameshakufa. Baba yako alinisimulia hayo tulipooana, na kila alipokwenda kufuata asali nilimtolea maneno barazani mpaka majirani wakadhani hatupatani. Safari ile ya mwisho aliondoka akiwa na homa. Nilimwonea huruma, nikanyamaza. Nilimwambia tu aende salama. Alishangaa. Alinitazama kupitia kioo cha gari mpaka alipokata kona.

Akarudi amelazwa nyuma, juu ya magunia. Unayajua yaliyofuata.

Siamini kwamba kunyamaza kwangu kulimuua. Si mjinga. Lakini sitanyamaza tena mtu wangu akiondoka, na wewe nimekunyamazia siku zote hizi, na kila asubuhi niliyopishana nawe uani nilikuwa na hofu, ndipo hasira ikazidi. Basi maneno yako haya hapa, yote niliyokuwekea: kiburi, kichwa ngumu, mwizi wa sufuria za maandazi, mgawa mali za watu, fundi wa nta. Hujui kupika ugali usio na mabonge. Miguu yako ni ile ile ya babu yako mpagazi. Nenda.

Chini ya kiti cha dereva nimeweka sili mbili za ngozi zimezama kwenye mafuta ya ng'ombe, kwenye kopo la maziwa. Usizisogeze karibu na nta. Ile pikapu ikikaa hata wiki moja bila kutembea, ziba mdomo wa mrija kwa kitambaa, na kabla ya kuwasha ukitoe. Ukisahau kukitoa nitajua, na nitakuja huko kwa miguu kukuaibisha mbele ya mkutano wako.

Bado ufunguo. Nakujua, umeshapekua kabati, umeshapekua debe la baba yako, na shangazi yako ameshakwambia hajui. Safari hii amesema kweli. Ufunguo nimeufunga kwenye pindo la khanga yangu, mafundo mawili, nimeyakaza ninavyokaza kila kitu. Kesho asubuhi nitakuwa nimekaa kwenye ngazi ya jiko. Usimtume shangazi. Uje mwenyewe, uiname, uyafungue mafundo kwa vidole vyako, nikuone uso.

Hutakuwa na haja ya kuniamkia ukifika. Uliniamkia siku ile, mara mbili, na nilisikia zote mbili.

Marahaba, mwanangu. Marahaba.

Mama yako